Mswaki na Beseni

Kazi yangu ni mswaki na beseni la maji vuguvugu.
Nasugua walichofukua wenzangu: vigae, vifungo, mifupa.
Na Juni moja, chini ya kilima cha Dolno Bresovo,
pale kina Zdravka wanapolima waridi,
trekta lao lilipozama gurudumu moja ardhini,
nililetewa fuvu ndani ya boksi la viatu.

Namba arobaini na tatu, vya kiume, vyeusi.
Hivyo ndivyo taifa lilivyompokea babu yake.

Palikuwa na upanga. Palikuwa na kofia ya shaba
iliyobonyea ubavu kama sufuria ya bwenini.
Profesa Haralampi akasema, "Tusubiri."
Neno hilo halina mwangwi.
Waziri alishuka na helikopta, akapiga magoti topeni
juu ya zulia lililotandikwa ili tope lisimguse,
akasema, "Mfalme,"
nalo bonde zima likaitika.

Kabla ya mavuno ya zabibu tulikuwa na stempu.
Kabla ya theluji, sanamu: mita sita,
masharubu kama pembe za kondoo dume,
kidole kimeuelekea mpaka.
Watoto wa darasa la tatu wakakariri
maneno aliyoyasema akikata roho,
na taya lake lilikuwa bado mezani kwangu,
limelazwa kwenye pamba, halijatamka kitu.

Sijitoi. Mimi pia nililia.
Blagoy, mume wangu, mwaka wa tisa huu
anachuma stroberi za wenyewe Uhispania,
alinipigia usiku: "Umemshika? Kwa mikono yako?"
Nikasema nimemshika.
Akanyamaza. Kisha: "Kesho nitamwambia msimamizi
sisi tulikuwa na wafalme, wao wakiwa bado..."
Hakumalizia.
Niliusikia mgongo wake ukinyooka ndani ya simu.
Nani angemnyima mtu mgongo?

Kisha jino moja likapelekwa maabara.
Jino halisahau maji ya utotoni;
ulimi hubadili lugha, mguu hubadili njia,
jino hubaki na mto wake.
Majibu yalikuja kurasa mbili, hazina bendera:
huyu hakukulia kwenye mito yetu.
Alikunywa utoto wake kule, ng'ambo ya mpaka,
kulekule kidole cha sanamu kinakotisha.
Na nyonga (niliisugua mimi, ningejua,
pana kama bakuli la kukandia unga)
ilikuwa nyonga ya mwanamke.
Kama alizaa, mfupa umeona haya kusema.

Haralampi alisoma, akavua miwani,
akaifuta kwa ncha ya shati, akasoma tena.
Akazifungia karatasi kwenye droo ya vijiko vya chai.
"Tusubiri," akasema,
na safari hii sikujua tunamsubiri nani.

Husemwa mwacha asili ni mtumwa.
Na aliyeishona asili usiku, kwa taa,
akakata kitambaa kwa kipimo cha bega lake,
akaivaa asubuhi, ikamkaa,
huyo tumwiteje?
Na wewe mwanamke, uliyevuka na upanga wako
kabla hakujawa na mpaka wa kuvuka,
ulikuja kuolewa, kuteka, au kuuza chumvi?
Nani alikulilia, kwa lugha gani?
Namuuliza hivyo nikimsugua. Maji yanabadilika rangi,
nayamwaga uani, kwenye bizari ya jirani.

Pasaka Blagoy alirudi.
Alipovua shati nikaiona kofia ya shaba
imechorwa kwa wino mkononi, juu ya kiwiko,
pamoja na kile kibonyeo cha ubavuni.
Ngozi bado ilikuwa nyekundu, inauma.
Nikampaka mafuta polepole.
"Niambie," akasema, "wewe uliyemshika. Alikuwaje?"

Nje, mvua ilikuwa ikiyaosha masharubu ya uwanjani.
"Alikuwa na meno mazuri," nikasema.
"Yote?"
"Yote. Isipokuwa moja."