Waya wa Kahawia

Siku ya kwanza Mwalimu Lyatuu hakutusalimia.
Aliinua mkono wa kulia mlangoni pa karakana,
vidole vitatu na nusu.
"Hivi vingine ndiyo ada niliyolipa.
Nyie mmelipa fedha tu. Mshukuru."
Tukacheka. Yeye hakucheka.
Akaenda ubaoni, akaandika neno moja, PIMA,
na mwaka mzima hakuna aliyethubutu kulifuta.

Wasichana tulikuwa watatu, wavulana ishirini na sita.
Wiki ya pili Naetwe akahamia ushonaji.
Tukabaki mimi na Haikaeli wa Pasua,
ndani ya ovaroli za mitumba kutoka Memorial,
mikono tumeikunja mara tatu,
na mfukoni mwa yangu risiti ya mtu
kwa lugha nisiyoijua.

Kahawia ndio moto, alisema mwalimu.
Buluu ni njia ya kurudi.
Kijani chenye mstari wa njano ni ardhi:
huyo hana kazi miaka yote,
isipokuwa siku ya kosa.

Wenzangu wakakariri kama sala.
Mimi nilikwama kwenye kahawia.
Kahawia si ndiyo sisi?
Si ndiyo ile mibuni ya baba, Kibosho,
tuliyoing'oa mmoja mmoja bei ilipoporomoka,
magogo yake yakachemsha maharage miezi minne?
Nilidhani ni rangi ya kitu kilichokwisha kupoa.
Kumbe ndiyo inayoua.

Nilijifunza kuchimba ukuta kwa patasi
hadi saruji ikanikaa kwenye nywele kama mvi za mkopo.
Nilijifunza kutambaa juu ya dari
nikisikia popo wakinijadili.
Siku Haikaeli alipogusanisha visivyogusana,
cheche, harufu ya plastiki, kisha kimya,
mwalimu alichomoa fyuzi, akamwekea kiganjani.
"Huyu amekufa kwa niaba yako. Kamzike."
Tulidhani mzaha.
Haikaeli alichimba kashimo nyuma ya karakana,
akarudi na magoti yenye udongo,
na tangu siku hiyo
hakuna aliyemzidi kwa kupima.

Desemba nikapanda nyumbani na rola moja ya waya,
swichi mbili, taa moja,
na deni la elfu kumi na nne dukani kwa Msuya.

Kwa maana mama hukamua alfajiri,
kitochi amekiuma menoni,
mikono yote miwili iko kwa ng'ombe,
na ng'ombe akimgeukia hawezi hata kumkemea.

"Utawashia kitandani, utazimia bandani," nikamweleza.
"Na ikisahau?"
"Haisahau, mama. Haijui hata uko upande gani."
Akaguna. Baba akaguna pia, kwa mbali,
kama mtu anayesubiri kusema nilisema.

Fimbo ya ardhi niliipigilia nyuma ya jiko,
palipokuwa na mbuni wa mwisho.
Mizizi bado ilikuwamo. Nyundo ikagoma,
nikasogea hatua moja, ikapita.
Nikapima. Nikapima tena.
Mara ya tatu nilipima
kwa ajili ya kile kidole nusu.

Saa kumi alfajiri nikasikia kitanda kikilia,
kisha: tik.
Mwanga ukamwagika kwenye migomba.
Ng'ombe akauliza jambo, hakujibiwa.
Maziwa yakaanza kuimba ndooni,
mwanzo kwa sauti ya bati, baadaye nzito, nzito zaidi,
hadi yakanyamaza.
Tik. Giza.

Nikangoja nyayo zake. Hazikuja.
Tik: mwanga.
Tik: giza.
Tik.
Mwanamke wa miaka hamsini na nane,
amesimama bandani na ndoo iliyojaa,
anapima.

Luku ilikuwa imebakiza uniti tatu nukta mbili.
Sikusema kitu.