Kabla Bando Halijafa

Umeileta Oli ndani ya kaveera, Candiru,
imeviringishwa kitenge cha mama yako,
kompyuta ya mkono wa tatu:
bawaba zimelegea, namba ya ofisi fulani ya Kampala
bado imeng'ang'ania mgongoni,
na kibonye cha R kimeng'oka, imebaki chuchu ya mpira
nyeupe kama jino la utoto.
"Mjomba, itafika mwaka wa tatu?"
Mimi ni fundi wa simu tu. Nikaangalia kumbukumbu yake,
gigabaiti mbili,
nikanyamaza kama daktari.

Yale madirisha ya zamani tuliyang'oa jana.
Yalikuwa yakifunguka kwa kulia, yakijifunga yenyewe,
yakidai leseni ambayo hakuna aliyewahi kuiona.
Sasa Linux imekaa humo, nyumba imefagiwa,
sakafu bado ina unyevu.
Kilichobaki ni vyombo.

Nawe ulikuja na orodha nyuma ya risiti ya simsim:
programu tatu za kuchora,
mbili za kukata video,
mbio za magari,
na kitu ulichokiandika tu "ile ya Afeku, nzuri sana."
Bando lilikuwa gigabaiti moja, la kufa saa sita usiku.
Nikaona midomo yako imejiandaa kusikia methali
ya mtaka yote. Sikuisema.
Nilikuuliza: Jumatatu mwalimu akiingia,
atataka nini?

"Insha."
Basi tukaanza na LibreOffice, mzigo mzito,
mstari wa buluu ukisogea kama kibarua anayelipwa kwa siku,
sisi tukila rolex moja kwa zamu
na kujifuta mafuta magotini.
Kisha kisomeo cha vitabu, kidogo, hakina mbwembwe.
Mbio za magari ulizifuta mwenyewe, kwa kucha,
mpaka risiti ikatoboka.
Ya Afeku ulichelewa kuifuta. Sikukuharakisha.

"Na takwimu za kilimo?"
"Wanatumia kitu kinaitwa R."
Tukatazamana.
Tukatazama kibodi.
Ukacheka hadi yule wa cherehani akagonga ukuta:
programu nzima, ya bure, ya kuhesabia mvua na mihogo,
inaitwa kwa herufi moja,
na herufi yenyewe ndiyo pengo!
Ukabonyeza ile chuchu kwa ncha ya kidole kidogo.
Ikaitika.

Umeme ulikatika saa tatu, kama kawaida yake,
bila hata kuaga. Nikaamsha betri ya sola,
ile ninayowachajia watu simu kwa shilingi mia tano,
nikaombea mnara usilale.
Saa sita kasoro dakika nane
zilibaki megabaiti kumi na tatu.

Mimi nilitaka ya kuhifadhi nakala,
maana meza hii imeona machozi ya wahitimu.
Wewe ukachagua ya kufundisha kupiga taipu.
Nikakasirika kidogo. Wewe, nikasema,
unapiga taipu kuliko karani wa mahakama!
"Si yangu," ukajibu,
ukikunja kile kitenge pembe kwa pembe.
"Hesabu za simsim anaandikiwa na watu,
na kila anayemwandikia hujikatia kidogo.
Likizo tutaanza na jina lake."

Ikamaliza kushuka. Dakika moja baadaye
bando likafa, na simu ikanitumia ujumbe wa pole.
Ulikuwa umeshalala, shavu juu ya meza,
katikati ya skrubu zangu.

Dada yangu, Driciru.
Nililiandika hewani kwa kidole, polepole.
R mbili.
Nikavuta droo ya chini,
ile ya vibonye vya kompyuta zilizokufa,
nikaanza kuchambua.