Kiputo

Usiruhusu kiputo, Dokta Mwalyego aliniambia,
hata kikiwa kidogo kama mbegu ya ulezi.
Hewa ya nje ni mchongezi:
ikipenya kwenye bomba la sindano
inaidakia damu maneno,
na damu inanyamaza.

Alfajiri, Kitulo. Sakitu imelala juu ya nyasi
mpaka buti zinalia.
Ndaga amefungwa kati ya nguzo za mkaratusi,
mtamba wa miezi kumi na tisa,
aliyepandishwa huku kutoka Tukuyu kwa lori la viazi.
Sasa kidari kimevimba, kinaning'inia
kama kiriba cha maji.

"Mtamponya?" anauliza Atupakisye, mwenye ng'ombe,
mikono ndani ya kitenge.
Tunapima tu, mama.
Jibu hilo linanikwama kooni tangu mwaka jana.

Maji ya chumvi yanashuka mshipani, tone kwa tone,
na ndani ya maji gesi sita zimeyeyuka,
hazina rangi, hazina kazi mwilini,
wapita njia.
Zinafika mapafuni. Moja inatoka na pumzi ya kwanza
kama mtu aliyeitwa nje;
nyingine imeipenda damu, haibanduki.
Sisi tunahesabu ipi imebaki, ipi imeondoka,
na kwa hesabu hiyo tunaona ndani bila kisu:
chumba chenye upepo ila hakina mgeni,
chumba chenye wageni tele, dirisha limezibwa.

Nusu saa. Barakoa puani, mfuko unajaa, unanywea.
Nachoma mshipa wa sikio. Damu inapanda yenyewe,
nyeusi kuliko damu ya hapo inavyopaswa kuwa.
Naigonga sindano kwa ukucha, naielekeza kwenye jua
linalochomoza upande wa Makete.
Hakuna kiputo.
Naizika kwenye barafu, ndani ya chupa ya chai.

Majibu yatatoka Uyole baada ya siku mbili.
Atupakisye hasubiri karatasi.
Anafungua kamba.
"Kule chini alikuwa anapumua," anasema,
"nilimwona kwa macho yangu."
Wanashika njia ya Isyonje, yeye mbele,
Ndaga nyuma, wakisimama kila kona.

Nimebaki na chupa kwapani.
Pumzi yangu inatoka nyeupe,
naitazama ikiyeyuka,
hakuna anayeipima.