Kikulacho ki Mguuni

Saa tisa usiku, Invercargill.
Mvua ya kusini inapiga dirisha la maabara kimshazari,
chai yangu imepoa, nimeinamia darubini:
tone moja la maji yaliyofyonzwa kwenye kiungo cha mtu,
lina mawingu, kama tui lililoanza kukatika.

Nageuza kichujio cha mwanga.
Zinatokea. Sindano.
Za njano zilizolala huku, za samawati zilizokingama kule,
mamia, kana kwamba fundi cherehani
ameangusha kikopo chake humo ndani akaenda zake.
Ni nzuri. Mungu anisamehe, ni nzuri.

Naandika: fuwele za asidi ya mkojo, nyingi.
Kisha ndipo nasoma lebo.
Manihera. Na tarehe ile
ninayoiokea keki kila Agosti.

Baba.

Baba aliyetuambia ameteleza kiwandani Mataura,
kwenye sakafu ya damu na maji ya moto,
baba asiyetaka hata shuka limguse dole gumba:
mara ni baridi, mara ni buti jipya.
Wenzake walimpigia makofi, "Mfalme! Mfalme!"
kwa kuwa walisikia mahali ni maradhi ya wafalme.
Mfalme wa nini?
Wa nyumba ya kupanga, ukungu umepanda hadi dari?
Alicheka nao, akachechemea hadi chooni, akafunga mlango.
Mama ndiye aliyeninong'oneza.

Wanasema pombe. Wanasema maini, ulafi, chaza wa Bluff.
Chaza tumekula, sikatai, ndoo kwa ndoo.
Lakini sehemu kubwa ya asidi hii haipiti mezani:
kila seli inayokufa mwilini huacha majivu yake,
na figo za ukoo wetu zimerithi ubahili,
hurudisha damuni kile ambacho zingekimwaga.
Shakwe wa gatini huitoa nyeupe, bila haya,
akayapaka mabati chokaa.
Sisi, zamani mno, tungali mitini,
tulipoteza kimeng'enya cha kuivunja.
Wapo wataalamu wanaosema palikuwa na faida,
kwamba kidogo chake huikinga damu na kutu.
Huenda. Deni la mitini
linalipwa leo na dole la mchinja kondoo.

Asubuhi nampitia. Kanuni za kazi zimenifunga mdomo;
nimemletea mkate, basi.
Chini ya sinki, nyuma ya sabuni, naona vidonge,
vya tangu Machi, pakiti imepungua saba tu.

"Vilizidisha moto," anasema, bila kuulizwa.
"Ndivyo vinavyoanza, Baba.
Sindano zikianza kuyeyuka, huchokozeka.
Nesi Mereana angekupa na kingine cha kutuliza.
Kimoja kila siku, hata siku usiyoumwa,
mpaka damu ishuke chini ya nukta tatu sita,
na hapo usiache."

Kimya. Birika linaunguruma.
Halafu, mwenyewe, anafunua shuka.
Jekundu, linang'aa, limevimba kama kiazi kilichomenywa.

Nilipoanguka na baiskeli alinipuliza magoti
mpaka nikasahau kulia.
Nikainama, nikapuliza.

Akapiga yowe, paka akatoka mbio.
"Hata pumzi?"
"Hata pumzi, mwanangu," akasema, akitokwa na machozi,
na kwa mara ya kwanza tangu Machi
akanyoosha mkono kuomba maji na kidonge.