Sikuitwa

"Umeitwa?" akauliza kijana wa mapokezi,
kidole juu ya orodha ya majina ya Jumanne.
Sikuitwa.
Akapekua tena, kana kwamba nimepotea humo.
Hapa Llanelli hakuna aingiaye mlango huu
bila barua kumtangulia.

Dada yangu Nerys alinionya jana, mwiko mkononi:
"Delyth, aliyelala usimwamshe.
Ukimwamsha utalala wewe, tena na njaa.
Waambie unatafuta kazi, watasema umepona."

Bahasha ya kahawia naiogopa kuliko ngazi.
Mwaka ule walihesabu hatua zangu toka garini,
wakanipa kisanduku kitupu nikiinue,
wakaandika: *amekiinua*.
Zile siku tatu nilizolala baadaye
hazikupata mstari.

Jumatatu miguu ni yangu.
Jumatano ni ya jirani, naiazima kwa kubembeleza.
Alhamisi ulimi nao unachelewa kufika.
Mwajiri gani atapanga zamu kwa kalenda hiyo?

Lakini miaka kumi na tisa nilipika jikoni mwa shule,
watoto mia tatu, viazi kwa magunia,
na hakuna posho inayonirudishia kelele zile.

Mshauri anaitwa Iolo. Ana mafua, na shati halijaona pasi.
Akakipa mgongo kioo cha kompyuta,
akaniuliza: "Unaweza nini?"

Miaka saba nimefunzwa swali la upande wa pili.
Nimeyahifadhi nisiyoyaweza, nayatiririsha bila kituo:
siwezi ngazi siwezi vifungo siwezi foleni siwezi birika likijaa.
Hili la leo lilinikuta sina jibu mfukoni.
Nikatazama mvua dirishani.
Kisha nikasema upuuzi:
nitikisie trei ya mayai, nimefumba macho,
nikwambie yamebaki mangapi.

Akacheka, akapenga kamasi, akaandika.
Kweli aliandika; niliiona kalamu ikiyataja mayai.
"Masaa manne kwa juma," nikaongeza, "yasizidi.
Na siku mwili ukigoma, nisihukumiwe."
Hakuahidi. Alisema atauliza.

Kwenye fomu palikuwa na nafasi: *Sababu ya kufika*.
Akajaza neno moja, hiari.
Hiari yashinda utumwa, walisema waliosema;
hawakusema nayo hutetemesha magoti.
Au ni ugonjwa wangu tu, sijui.

Nerys amepiga simu mara mbili.
Nimekaa benchi la nje, fimbo mapajani.
Sijapokea bado.