Saa Kumi

Idara ya saikolojia inanidai saa kumi.
Si saa kumi ya alasiri. Saa kumi za mwili wangu,
niuketishe mbele ya skrini za watu
kabla sijaruhusiwa kuvuka mwaka wa pili.
Nimeshalipa saba na nusu.
Hiyo nusu nilinusa fulana kuukuu
nikazipanga kuanzia yenye huzuni zaidi.
Usiniulize.

Leo mvua ya Groningen inapiga kwa ubavu.
Baiskeli yangu nimeiacha juu ya nyingine mia,
zimepindana kama miwani iliyokanyagwa.
Ghorofa ya pili, zulia limelowa,
mashine ya kahawa inakohoa peke yake,
na kwenye benchi kijana wa soksi za rangi mbili.
Jelmer, akasema.
Nikamuuliza kilichomleta.
“Yuro nane. Na humu kuna joto.”
Kisha akaviambia viatu vyake:
“Nyumbani, tangu Jumapili, sijaulizwa neno.
Hapa wananiuliza maswali mia na ishirini.”

Mashine ikakohoa.
Nikasoma tangazo la kuzima moto, lote.

Nikaitwa. Nikazamisha mkono kwenye ndoo ya barafu.
Hiltje, mwenye koti jeupe, akabonyeza saa.
Sekunde ya arobaini vidole vilipiga kelele,
ya tisini vikanyamaza,
na mimi nikamkumbuka mama kule Dokkum:
unasomea akili za watu, zako umemwachia nani?
Nikashikilia. Ushujaa haumo.
Nilitaka tu, kwenye mchoro wao,
niwe nukta iliyokaa juu kidogo ya wenzake.

Hiltje akanipa taulo, na karatasi ya mwisho.
“Samahani, tulikuficha.
Barafu ilikuwa kisingizio.
Yule wa benchini ni wetu, tunamlipa kwa saa,
maneno yake ameyakariri.
Tulichopima ni ukimya wako
baada ya yeye kutaja nyumbani.”

“Sekunde ngapi?”

“Hizo haturuhusiwi kukuambia.”

Nikatia sahihi kwa vidole vya mtu mwingine.
Nane na nusu.
Kwenye kisanduku cha *kwa nini ulishiriki*
asubuhi nilikuwa nimeandika: alama.
Sikukifuta. Ilikuwa kweli,
kama mlango ulivyo kweli kuhusu nyumba.

Ukumbini namsikia akimwanzia mwingine,
“Yuro nane. Na humu kuna joto,”
sauti ileile, pumzi ikikatikia palepale.

Nje giza limeshashuka, mvua haijachoka.
Baiskeli nimeichomoa, lakini sijapanda.
Saa nzima hii, ambayo hakuna idara itaihesabu.
Akatoka, kofia mkononi, soksi zilezile.

“Maneno umeyakariri, najua,” nikamwambia.
“Lakini nyumbani, kweli, wanakuuliza?”

Akatazama taa ya barabarani.

Nikaanza kuhesabu.