Bati la Mlenda

Kongwa, mwezi wa tano. Bibi Nyemo anaanika mlenda
juu ya bati jepesi lisilojua kutu.
Nalifahamu tangu natambaa:
lilikuwa mlango wa banda la kuku, kisha kifuniko cha kihenge,
kisha, kwa msimu mmoja wa mvua, paa la choo.

Mwaka jana Msanjila wa vyuma chakavu alipita na mizani,
akaligonga kwa ukucha, akatega sikio,
akasema: Hili halikuzaliwa bati.
Akataja bei. Bibi akamtajia njia ya kutokea.

Nikachukua majivu na ukwaju, nikasugua.
Ikatoka buluu ya mlango,
chini yake kijani, chini yake weusi wa usiku,
na pembeni, kando ya mstari wa matundu ya ribiti,
herufi mbili na tarakimu nne, zimegongwa kwa nyundo.

Nikaandika barua. Miezi saba, kimya.
Kisha bahasha: nakala ya kurasa za daftari,
mwandiko umelala kama mtama uliopigwa na upepo.

Ndege ya mabomu, injini mbili. Safari thelathini na moja.
Imeondoka saa mbili usiku. Imerudi.
Imeondoka. Imerudi, rubani kaumia mkono.
Daraja. Bohari. Stesheni. Daraja lilelile.
Tarehe kumi na tisa: mji.
Mji tu, hauna jina,
ila mzigo umeandikwa hadi ratili ya mwisho.

Ilikuwa Burma, kasema mwenye barua. Vita vilipokwisha
ikakatwakatwa, ikauzwa kwa tani,
na vipande pengine vilikuja huku
pamoja na matrekta ya mradi wa karanga. Pengine.
Neno hilo kalitumia mara nne.

Burma ndiko alikobaki Ndahani, kaka yake Bibi,
askari wa keya, aliyepanda treni pale Gulwe
viatu mkononi, asivichakaze.

Usiku ule nikawapanga:
yeye chini, msituni, uso ameuinua;
hili juu, tumbo limejaa.
Alishangilia? Alijifunika kichwa?
Nikapekua jina lake safari zote thelathini na moja,
kana kwamba daftari la angani
huandika watu wa chini.

Asubuhi nikamsomea Bibi, nikitafsiri polepole.
Hakulia. Aliuliza tarehe ile ya kumi na tisa
ilikuwa siku gani ya juma.
Sikujua.
“Maana kama ilikuwa siku ya mnada,” akasema,
“watoto nao walikwenda.”

Akaligeuza bati, namba ikatazama udongo.
Zile tarakimu, alisema, zinanasa majani.
Akatandaza mlenda upya, kwa viganja vyote viwili,
mpaka kwenye ukingo wa matundu.

Mbuzi wa jirani walikuwa wameanza kusogea.
Akanipa fimbo. “Kaa hapa,” akasema,
“ulinde.”